Kitunguu Swaumu Mbele ya Darubini

Kando ya barabara ya kwenda Matai kuna kilima ambacho juu yake palikuwa na nguzo ya zege niliyoifahamu tangu ujana wangu kazini. Katikati ya kichwa chake palipigwa msumari wa shaba, na msumari huo ndio uliokuwa na maana. Zege lilikuwepo ili kuushikilia tu. Kutoka nguzo hiyo tulipima pembe kuelekea nguzo za vilima vingine, na kutokana na pembe hizo ilipatikana mipaka ya mashamba, shule na zahanati za sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa. Kiangazi kilichopita nilikipanda kilima kile kwa miguu yangu, taratibu kwa sababu ya magoti, nikaikuta nguzo imelala ubavu kama ng'ombe aliyekufa. Mahali iliposimama palichimbwa shimo ambalo mtu mzima angeingia hadi kifuani. Ndani ya shimo palikuwa na chupa za maji za plastiki, maganda ya mayai ya kuchemsha na kinyesi cha binadamu.

Waliochimba walikuwa wakitafuta mali ya Mjerumani. Ndivyo wanavyoiita. Imani yenyewe, kama nilivyoisikia kwa watu wengi bila hata mmoja wao kuniambia kwamba aliona kwa macho yake, ni kwamba Wajerumani walipofukuzwa katika nchi hii walifukia rupia na dhahabu, wakaweka alama juu yake ili wajukuu wao warudi kuchukua. Basi kila zege lenye chuma kichwani ni alama. Nguzo ile ilijengwa miaka mingi baada ya Mjerumani kuondoka, na waliochanganya zege lake walikuwa Wafipa wa vijiji vya hapo chini, ambao baadhi yao nilifanya nao kazi. Mtu angeniuliza, ningemweleza. Hakuna aliyeuliza.

Hata hivyo, nguzo si kitu ninachotaka kukieleza. Nguzo hujengwa upya, na mpimaji mwenye akili anaweza kuirudisha mahali pake kwa kupima kutoka nguzo nyingine. Ninachotaka kukieleza ni darubini ya kupimia ardhi, ile ambayo vitabu huiita theodolaiti, iliyokuwa mali ya rafiki yangu na mwenzangu wa kazi, na jinsi ilivyotendewa ndani ya nyumba yake mwenyewe, mtaa wa Mazwi hapa Sumbawanga, kabla hata kaburi lake halijajengewa.

Aliipata kihalali. Vifaa vipya vya betri vilipoletwa, ofisi iliamua kusafisha stoo, na darubini za zamani zikapigwa mnada kama chakavu, pamoja na mashine za chapa zisizo na herufi na viti visivyo na migongo. Nyingi zilinunuliwa na watu wa kuyeyusha shaba. Niliona darubini ambayo niliitumia msimu mzima katika bonde la Rukwa ikitupwa juu ya gunia la mabomba, na kioo chake cha mbele kikapasuka kwa sauti ndogo ambayo sijaisahau. Rafiki yangu alinunua moja. Mimi sikununua, kwa kuwa nyumba yangu wakati ule ilijaa watoto, na watoto wana mikono. Yeye aliihifadhi katika sanduku lake la mbao, akaisafisha kila mvua zilipokatika, kwa kitambaa laini na tone la mafuta ya saa. Hakuruhusu mtu mwingine kuigusa isipokuwa mimi, nami sikuigusa ila aliponiomba.

Watu waliokuja kwake walisema ni ya Mjerumani. Haikuwa ya Mjerumani. Kwenye bamba lake la shaba palichongwa, kwa herufi za mkono zenye mikia, jina la fundi na jina la mji wa London, na chini yake namba. Jina la fundi sitaliandika hapa, kwa sababu najua aina ya wasomaji watakaolichukua na kwenda kulitafuta kwenye cherehani za bibi zao. Inatosha kusema kwamba ilikuwa familia. Baba alianza kwa kutengeneza dira na vyombo vya mabaharia karibu na bandari ya mto wao, wana wakaendeleza, wajukuu wakageukia vyombo vya nchi kavu wakati serikali yao ilipoanza kupima nchi za watu wengine, yetu ikiwemo. Hilo la mwisho silisemi kwa kuwasifu. Lakini kazi ya mikono yao niliijua kwa kuitumia, na kazi njema husemwa kuwa njema hata ikiwa bwana aliyeiagiza hakuwa mwema.

Ugumu wa kazi hiyo haukuwa katika vioo bali katika duara. Ndani ya darubini ya kupimia kuna duara la shaba ambalo lazima ligawanywe kwa mistari mia tatu na sitini, na kila nafasi igawanywe tena na tena, pasiwe na mstari uliokaa nje ya mahali pake hata kwa unene wa unywele. Nimesoma kwamba mafundi wa zamani wa London waligawanya kwa mkono, kwa bikari ndefu, wakiogopa hata joto la miili yao wenyewe, kwa maana shaba ikipata joto hutanuka na mgawo mzima huharibika. Duara moja liliweza kula majuma. Kisha akatokea mmoja wao aliyetengeneza mashine ya kugawa duara: gurudumu kubwa lenye meno madogo ukingoni mwake, likisogezwa kidogo kidogo na parafujo moja. Kazi ya majuma ikawa kazi ya muda mfupi. Na hapa ndipo ningependa wachimbaji wa mashimo wanisikilize. Fundi huyo alilipwa na serikali yake kwa sharti kwamba asifiche siri ya mashine hiyo, aieleze kwa maandishi na kuwafundisha mafundi wengine. Hao ndio watu tunaowasingizia kwamba walificha vitu ndani ya vyombo vyao. Walilipwa wasifiche.

Mistari miwili inayokatana ndani ya jicho la darubini ilikuwa uzi wa buibui. Hili nalo nililidhani ni porojo hadi nilipolikuta katika vitabu vya kazi, na baadaye nikaliona kwa macho yangu katika chumba cha matengenezo Dar es Salaam, ambapo fundi aliyezeeka alimtundika buibui kwenye waya wenye panda mbili na kuuzungusha waya huo kadiri buibui alivyoshuka. Nasema niliona. Sisemi nilisikia.

Na kulikuwa na vichupa vya pimamaji. Fundi mwashi yeyote wa Sumbawanga anakijua kichupa hicho, kwa kuwa anacho kwenye pimamaji lake: mrija wa kioo wenye kiputo cha hewa, kiputo kikikaa katikati ujue umelala sawa. Wale wa London walikisugua kioo kwa ndani hadi kikapata mpindo usioonekana, wakakijaza spiriti, wakakifunga kwa moto. Spiriti, kwa sababu haigandi kwenye baridi na hutiririka kwa wepesi. Si zebaki. Darubini ya rafiki yangu ilikuwa na vichupa viwili juu ya sahani yake, kimoja kimelala upande huu na kingine kimekikata, na vyote viwili vilikuwa vizima siku alipokufa.

Kabla ya kufa aliniita mimi na mkewe kando ya kitanda, akasema darubini ipelekwe shule ya sekondari yenye masomo ya ufundi hapa mjini. Alisema iende nzima, kwa kuwa hakutaka watoto waoneshwe maiti. Nikamwahidi. Mkewe naye akaahidi, huku akilia. Mwalimu wa shule hiyo, niliyemwambia tu kwamba kuna darubini inakuja, aliandaa nafasi katika kabati la vioo, akawa anangoja. Kilichobaki ilikuwa kumaliza matanga, na baada ya matanga mavuno, na baada ya mavuno likaja jambo la mtoto wa marehemu.

Asubuhi moja ya baridi, ya ule upepo wa Juni unaokausha midomo, shemeji alinipigia simu. Namwita shemeji, kama alivyoniita yeye tangu siku ya ndoa yao.

"Shemeji, njoo sasa hivi. Mwanao ameleta mtu."

"Mtu gani?"

"Wa kununua ile darubini. Anasema ina mekyuri."

Mekyuri ndiyo zebaki, kwa lugha ya mitaani. Kwa asiyejua, kuna watu katika nchi hii wanaoamini kwamba vitu vya kale vya wazungu, kama redio, cherehani na saa za ukutani, ndani yake imefichwa zebaki nyekundu yenye thamani kuliko dhahabu. Hakuna niliyemjua aliyewahi kuiona. Wote wanamjua mtu anayemjua mtu aliyeiona, na huyo mtu huwa yuko mkoa mwingine.

Niliwakuta sebuleni. Darubini ilikuwa imetolewa sandukuni na kuwekwa juu ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma. Mtoto wa marehemu, mtu mzima mwenye duka la vipuri vya pikipiki, alikuwa amesimama akisugua viganja. Kwenye kochi la baba yake aliketi dalali aliyetoka upande wa Tunduma, mnene, mwenye koti la ngozi ambalo hakulivua, na pete mbili. Alikuwa akila viazi vya shemeji kwa mkono uleule aliokuwa akishikia lenzi. Alama za vidole vyake vya mafuta zilikuwa tayari kwenye kioo.

"Shikamoo mzee," alisema bila kusimama.

Niliitikia, kwa kuwa nimelelewa. Kisha nikamwambia atoe mkono wake juu ya kioo.

"Mzee, sisi hatuna ubaya," alisema. "Ni biashara tu. Huyu kijana amenieleza wewe ni msomi."

"Amekueleza kweli. Chombo hiki kimetengenezwa London, kimeandikwa hapo, soma. Kichupa hicho kina spiriti. Ningeweza kukuonesha kitabu."

"Vitabu!" Alimgeukia mtoto wa marehemu, akacheka. "Unaona, kaka? Mzungu ataandika kwenye kitabu kwamba ameficha mali? Ungekuwa wewe ungeandika?"

"Baba mdogo," mtoto wa marehemu alisema, "ngoja kwanza apime. Kupima si kosa. Wewe mwenyewe umepima maisha yako yote."

Shemeji alisimama mlangoni na sinia mkononi. Nilimtazama, nikitarajia aseme neno juu ya ahadi yetu. Alitazama sinia.

Dalali akafuta vidole kwenye suruali, akatoa mfukoni mfuko wa plastiki. Ndani yake palikuwa na kitunguu swaumu, kioo kidogo cha kujitazamia na kipande cha mkufu. Alivipanga mezani kwa heshima ambayo sikuwahi kumwona padri akipanga nayo madhabahu. Akaeleza kwamba mekyuri halisi huvutwa na dhahabu, hukimbia kitunguu swaumu, na katika kioo haionekani.

"Na aliyekuambia ni nani?" niliuliza.

"Hii inajulikana, mzee."

"Inajulikana na nani?"

"Na wanaojua."

Aliinama na kusogeza kitunguu kwenye ncha ya kichupa kimojawapo, na alipoinama aliegemea meza kwa kiwiko. Ile meza ilikuwa ya mninga wa kale, mguu mmoja mfupi. Iliinama upande wake, ambao ndio uliokuwa wa kitunguu pia, sahani ya darubini ikainama nayo, na kiputo, ambacho kazi yake yote duniani ni kupanda upande ulioinuka, kikateleza kwenda ncha ya pili.

"Eeeh!" alipiga kelele mtoto wa marehemu. "Kimekimbia! Mama, umeona? Kimekimbia kitunguu!"

"Nimeona," alisema shemeji.

Nilimwomba dalali atoe kiwiko mezani. Hakutoa hadi nilipokigusa kwa fimbo yangu. Kiputo kikarudi. Nikachukua kile kitunguu mimi mwenyewe, nikakisogeza kwenye ncha ileile bila kuigusa meza, nikakishika hapo kwa muda wa kutosha mtu kukariri sala. Kiputo hakikusogea. Nikakisogeza ncha nyingine. Hakikusogea. Kisha nikakiweka kitunguu mfukoni mwangu kabisa, nikaegemea meza kwa mkono mtupu, na kiputo kikakimbia vizuri kuliko mwanzo.

"Mmeona?" nilisema. "Kinakimbia kiwiko."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Dalali alinitazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mgonjwa, akasema, "Imeshazoea, mzee. Ikishanusa mara ya kwanza, mara ya pili haitishiki."

Na mtoto wa marehemu, aliyesomeshwa na baba yake hadi kidato cha sita kwa masomo ya sayansi, akatikisa kichwa akikubali.

Nimefundisha watu wengi kupima, na nimeona makosa ya kila namna. Mtu husoma duara vibaya, husahau kuandika, hulewa usiku na asubuhi mkono unamtetemeka. Makosa hayo nayaheshimu, kwa sababu yakioneshwa hukubali kusahihishwa. Kile kilichokuwa sebuleni humo hakikuwa kosa. Kilikuwa kitu kinachokula ushahidi na kunenepa. 

Nikamwambia mtoto wa marehemu kwamba chombo kile si chake, kwamba baba yake alikwisha kukitoa, mbele ya mama yake na mbele yangu.

"Mama, ni kweli?" aliuliza.

Shemeji alijibu kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, kwamba marehemu alisema kipelekwe shule. Kisha, kwa Kiswahili, ili na mgeni asikie, akaongeza, "Lakini marehemu hakujua kilichomo."

Sijui ningefanya nini kumzuia mwanawe. Mimi ni mzee, na yeye ana mikono ya mtu anayefungua magurudumu. Alichukua koleo mfukoni mwa ovaroli lake, akakibana kichupa alichokitazama dalali, akakivunja. Sauti yake ilikuwa ndogo. Matone machache yalidondoka kwenye kitambaa cha kufuma na kuacha doa lililoanza kukauka tulipokuwa tukilitazama. Harufu ikawa ile ya zahanati, ya pamba inayopakwa kabla ya sindano. Dalali alitumbukiza kidole chake kilicho na pete katika kioo kilichovunjika, akakinusa, kisha akakilamba. Nilimwona akikilamba. Alilamba spiriti iliyofungwa London kabla babu yake hajazaliwa, na damu yake mwenyewe, kwa kuwa kioo kilimkata.

Kisha akasema neno moja.

"Imehama."

"Imehama wapi?" mtoto wa marehemu aliuliza, uso wake umeanguka.

"Hiki kitu hakikai mbele ya mtu anayekipinga. Kuna mtu humu ameifunga." Hakunitaja. Alifunga kidole chake kwa leso ya shemeji bila kuomba, akakusanya kioo chake na mkufu wake, akanidai kitunguu chake. Nilimpa. Tulisikia pikipiki yake ikiondoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Nilirudisha darubini sandukuni kwa mikono yangu, nikaokota vipande vya kioo nikavifunga kwenye karatasi. Nilisema ningerudi kuichukua baada ya Jumapili, shemeji atakapokuwa ametulia.

Kabla ya Jumapili hiyo mji ulikuwa umekwisha kujua. Nilikwenda kununua misumari kwa mfanyabiashara mmoja ambaye baba yake na mimi tulialikana kwenye Krismasi na futari, mimi Mkristo na yeye Mwislamu, kwa miaka mingi. Alinipa kiti. Aliagiza chai. Akaniuliza habari za magoti.

"Mzee wangu," alisema hatimaye, akisogeza kiti, "nasikia una mzigo."

"Mzigo gani?"

"Ule. Wanasema uliutoa zamani, marehemu alipokuwa mgonjwa, ukajaza spiriti badala yake. Ndiyo maana walipovunja wakakuta spiriti."

"Umesikia kwa nani?"

"Si kwa mtu. Inasemwa."

"Haiwezi kusemwa bila mtu wa kuisema. Nani?"

Aliona haya, jambo ambalo namshukuru kwalo, akaanza kupima misumari. Lakini alipokuwa akinipa mfuko alinong'ona, "Kama upo, mimi nina mtu wa uhakika. Si kama yule mhuni wa Tunduma." Nikaiacha misumari juu ya meza yake, nikatoka. Nje, kijiweni kwa bodaboda, mmoja aliniamkia kwa unyenyekevu usio wa kawaida, na mwenzake akamwambia, bila kushusha sauti, "Huyo ndiye tajiri mwenyewe, mshikaji. Umwone hivyohivyo na viatu vyake vya viraka."

Nilipofika kwa shemeji, mwanawe hakuwepo. Alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti barazani, akakaa mbele yangu na mikono mapajani. Darubini ilikuwa bado sandukuni, miguu yake mitatu imeegemezwa ukutani.

"Shemeji," alisema, "mimi na wewe tumezika wengi pamoja. Nakuuliza jambo moja, na chochote utakachonijibu sitamwambia mtu."

Nilijua. Nilitamani asiseme.

"Uliitoa?"

Nilimtazama mwanamke huyu aliyeshuhudia kitunguu, kiwiko na spiriti. Ambaye kitambaa chake bado kilikuwa na doa. Mumewe alimweleza kazi ya kila sehemu ya chombo kile kwa miaka yote aliyokuwa nacho. Nilimwambia hapana, na kwamba hapakuwa na kitu cha kutoa.

"Basi kile cha pili tukivunje," alisema kwa upole. "Mbele yangu tu. Nione mwenyewe, nitulie. Maneno ya watu yananila, shemeji. Mtoto hanisemeshi. Anasema nilikulinda."

Kwa mtu wa tabia yangu hilo halikuwa ombi la kipuuzi. Alitaka kuona. Maisha yangu yote nimewaambia watu wasiamini mpaka waone. Lakini aliona mara moja na haikumsaidia. Na kichupa kile cha pili ndicho kilichofanya chombo kiendelee kuwa chombo, maana mpimaji akiwa na kichupa kimoja bado anaweza kukilaza sawa, kwa kukigeuza robo ya duara na kukitazama tena. Bila hata kimoja, ni shaba tu. Nikamwambia sitavunja. Nikamwambia nitamwonesha kingine.

Nilisimamisha miguu mitatu uani, nikaifunga darubini juu yake, nikailaza sawa kwa kichupa kilichobaki. Ilichukua muda kwa sababu ya vidole vyangu. Nikaielekeza njiani, nikalinganisha lenzi, nikamwita. "Njoo uone kilichomo. Hiki ndicho alichokipenda mumeo."

Alifunga khanga vizuri, akainama, akafumba jicho moja. Mtaani alikuwa akipita jirani mwanamke aliyebeba ndoo kichwani.

Nilisahau kumwambia. Darubini za zamani hugeuza. Kioo cha ziada cha kuinyoosha taswira hula mwanga, kwa hiyo mafundi wale hawakukiweka, na sisi tulizoea hata tukasahau kwamba tunaitazama dunia juu chini.

Shemeji alirudi nyuma kana kwamba ameungua.

"Anatembea kwa kichwa!" alisema. "Shemeji, mama wa watu anatembea miguu juu, na maji hayamwagiki!"

Nilimweleza habari ya mwanga na lenzi. Nilichora kwenye vumbi kwa fimbo. Alitazama mchoro jinsi alivyolitazama sinia siku ile. Nilipomaliza alikuwa amesimama mbali na darubini, karibu na mlango.

"Basi ndiyo maana wanazitafuta," alisema.

Aliniomba niichukue siku ileile, tena kabla mwanawe hajarudi, na aliniomba jambo moja zaidi: nisiseme shuleni kwamba imetoka kwake, wala nisitaje jina la marehemu. Hakutaka mumewe asemwe kwamba alifuga kitu kama kile ndani ya nyumba yenye watoto. Nilimbishia. Alilia. Nikakubali.

Mwalimu alifurahi sana. Aliifungulia kabati, akashika kalamu na kadi ndogo ya kuweka mbele ya chombo, akaniuliza aandike nini.

"Andika London," nilisema. "Hilo limechongwa."

"Na hapa kwetu ilikuwa ya nani?"

Nilisema ilikuwa ya mpimaji mmoja.

"Jina lake?"

Nilikumbuka ahadi yangu kwa shemeji, nikafuta vumbi kwenye bamba la shaba. Mwalimu ni kijana mstaarabu. Alifikiri uzee umenishika. Akasema kwa kunisaidia, "Tutaandika ya Mjerumani, mzee wangu. Si wanasema hivyo? Na wanafunzi watapenda."

Nilimwambia hataandika hivyo, na kwamba kama ataandika, nitaibeba na kurudi nayo sasa hivi.

"Utairudisha kwa nani, mzee?" aliuliza, bila ubaya wowote.

Nilimtazama akiifunika kalamu yake. Kadi ilibaki na neno moja tu. Aliiweka darubini kabatini kati ya fuvu la plastiki na kombe la mpira wa miguu, akaniuliza kama imekaa vizuri. Niliisogeza kidogo, upande wenye kichupa kizima uelekee kwenye kioo, nikamwambia imekaa vizuri.